Shemeji na Matope Yake

Mtu anayelipwa kutazama matope yakioza, wewe ungemkabidhi mdogo wako? Mimi nilikataa moyoni siku ile ile ya kwanza. Mdogo wangu alimleta kwangu Blacktown, hapa Sydney, Jumapili moja baada ya kanisa, amevaa shati lililopigwa pasi kupita kiasi, akanisalimia kwa adabu, akaketi pale alipoambiwa aketi. Nikamuuliza anafanya kazi gani. Akasema bado yuko chuo kikuu, anasomea shahada ya uzamivu katika mambo ya udongo. Nikamuuliza udongo gani. Akasema udongo ulioganda.

Niliweka kikombe chini. Sisi ni watu wa Taita, na kwetu mtu akionekana anatia udongo kwenye mfuko, kijiji hakilali. Kule bondeni kuna vito ardhini, na habari huanza hivyo hivyo kila mara. Anakuja mgeni mpole na koleo dogo. Anachota hapa, anachota pale, anaandika vitu, anacheka na watoto. Mwaka haujaisha mnaambiwa kilima mlichochungia mbuzi tangu enzi za babu kina mwenyewe, na mwenyewe hayupo, ila askari wake wapo. Kwa hiyo mtu akiniambia anapenda udongo, swali langu la kwanza ni nini kimo ndani yake.

"Huo udongo unatoka wapi?" nikamuuliza.

"Kaskazini kabisa mwa dunia, shemeji. Kanada huko juu."

"Bado sijawa shemeji yako. Na unafikaje Sydney?"

"Kwa ndege. Tuna kibali."

Hapo ndipo aliponikera. Mwaka mmoja kabla, nilikuwa nimetoka likizo nyumbani, na pale uwanja wa ndege wa Sydney walininyang'anya mbegu za kunde alizonifungia baba yangu kwa mikono yake. Kijana mwenye glovu alizishika kama ameshika nyoka, akazitupa kwenye pipa. Mbegu za kunde. Na huyu bwana analetewa matope kwa ndege, na karatasi juu. Nikamwangalia mume wangu ili anisaidie, lakini yeye alikuwa ameshachangamka. Wakati huo alikuwa akiendesha foklifti kwenye ghala la vyakula vya barafu kule Ingleburn, na mwanamume yeyote aliyejua habari za baridi alikuwa ndugu yake.

Ikabidi nisikilize maelezo. Yule bwana alisema kule juu, ukifukua chini ya majani, unakuta ardhi ngumu kama saruji, imeganda tangu zamani za zamani, na imekwenda chini sana. Ndani yake kuna majani, mizizi na wanyama waliokufa wakashikwa na baridi kabla hawajaoza.

"Ni kama friza lenu, kaka," alimwambia mume wangu. "Sasa chukulia umeme unakatika polepole. Kinachoyeyuka kinaanza kuoza. Kinachooza kinatoa hewa. Hewa hiyo inaongeza joto duniani, na hilo joto linakwenda kuyeyusha zaidi."

"Na fundi wa umeme ni nani?" mume wangu akauliza.

Yule bwana alicheka, akachukua kipande cha chapati. Mume wangu hakuona kitu. Mimi niliona mtu aliyeulizwa swali akala chapati.

Lazima nieleze mdogo wangu alikuwa nani kwangu. Mama alifariki yeye akiwa darasa la pili, na mimi ndiye niliyemsuka, nikamfulia, nikamchapa, na baadaye nikamtafutia njia ya kuja Australia kusomea uuguzi. Wakati ninaosimulia alikuwa ametimiza miaka thelathini na minne, anaishi Guildford na wasichana wenzake wawili, anafanya kazi wadi ya watoto wachanga. Kitu alichokitaka hapa duniani kilikuwa kimoja, nacho ni mtoto wake mwenyewe. Hakuficha. Watoto wangu alikuwa akiwanusa shingoni kama anayenusa mkate. Wachumba wawili walikuwa wameshampotezea miaka, mmoja kwa uongo, mwingine kwa ulevi, na mimi nilikuwa nimeapa kwamba wa tatu hatapita mlangoni kwangu bila kukaguliwa.

Basi nikaanza kukagua. Kwenye ubatizo wa mtoto wa rafiki zetu, mtoto alizungushwa mkono hadi mkono kama kawaida yetu. Alipofika kwa yule bwana, bwana akainuka kwenda kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Nikaweka akilini. Mwezi uliofuata, mama mmoja Mkongo wa kanisani, mtu wa utani sana, akawaambia, "Mwaka kesho tunataka kitoto yenu hapa, mnasikia?" Mdogo wangu akacheka mpaka akajifunika uso. Bwana akasema chai ya leo imekolea tangawizi. Nikaweka akilini na hilo pia.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Mwanamume anayekimbia habari za watoto ana watoto mahali. Ana mke kwao Nyandarua, nikasema, anakula viazi na kusubiri. Nikapiga simu. Sisi hatuoi wala hatuolewi gizani, hata tukiwa mwisho wa dunia. Ukoo wa mtu lazima uchunguzwe, na kazi ya kuchunguza ni ya wanawake. Binamu yangu wa Nairobi alimjua mwalimu aliyefundisha kule kwao. Mwalimu aliwajua wazazi wake, kanisa lao, shamba lao, mpaka ng'ombe wao. Majibu yakarudi baada ya wiki mbili. Hana mke. Hana mtoto. Hanywi. Alikuwa akiongoza kwaya ya vijana. Wazazi wake ni watu wa heshima.

Binamu yangu alitarajia nifurahi. "Dada, huyo ni msafi kabisa," akasema.

"Ndicho kinachonitisha," nikamjibu, na sikuwa natania. Hata sufuria iliyotoka dukani ina alama ya kidole.

Nilipoona simu hazinisaidii, nikamwambia mdogo wangu nataka kwenda kuyaona hayo matope kwa macho yangu. Alidhani nimeanza kulegea. Tukapanda treni kwenda mjini, yeye akinisimulia njia nzima jinsi bwana anavyojua kupika, mimi nikitazama nje na kusema mhm.

Chumba chenyewe, pale chuoni kwake, kilikuwa chini ya ardhi, hakina dirisha. Kulikuwa na kabati kubwa la baridi, na kabati jingine lenye joto kidogo, limejaa chupa za kioo zilizozibwa kwa mpira. Ndani ya kila chupa, matope meusi kidogo. Si zaidi ya ugali unaombakishia paka. Nilitafuta kitu kinachong'aa, sioni haya kusema. Niliinua chupa moja kwenye taa, nikaigeuza. Hakuna. Niliona tu uzi mwembamba wa kahawia.

"Huo ni mzizi wa nyasi," akasema. "Ulikufa kabla Wazungu hawajafika hapa, kabla ya karibu kila jambo unalolijua. Hadi jana ulikuwa haujaoza. Leo unaoza."

Alichukua bomba la sindano, akalichoma kwenye mpira, akavuta hewa iliyokuwa juu ya matope, akaiingiza kwenye mashine. Tukasubiri. Kwenye kioo cha kompyuta mstari ukapanda, ukafanya mlima, ukashuka. Akatwambia kwamba mlima ule ndio hewa iliyotoka kwenye matope, na kwamba kila wiki anaupima. Kisha akafungua chupa moja iliyokwisha kazi yake ili ninuse. Ilinuka kama kinamasi, kama maji ya maua yaliyosahaulika kaburini.

"Na ukishayeyusha, unaweza kuyagandisha tena yakatulia?" nikauliza.

"Haya ya chupani, ndiyo. Ya huko kwenyewe, si kwa maisha yetu sisi. Wala ya watakaotufuata."

Aliposema hivyo, hakunitazama mimi. Alimtazama mdogo wangu, ambaye alikuwa amesimama pembeni anasoma vibandiko vya chupa na kutabasamu, kisha bwana akajirudi haraka kama mtu aliyekaribia kuvunja glasi. Sikuelewa nilichokiona. Nilielewa tu kwamba nimeona kitu, na kwamba si mke wa Nyandarua. Nikarudi Blacktown na wasiwasi mkubwa kuliko niliokwenda nao.

Nilimwambia mume wangu. Alikuwa amerudi kutoka shifti, miguu ndani ya beseni la maji moto, maana baridi ya lile ghala ilikuwa ikimwingia kwenye mifupa.

"Anaficha jambo," nikasema.

"Kila mtu anaficha jambo."

"Wewe unaficha nini?"

"Mimi nakuficha wewe usiende jela," akasema. "Mwache mtoto wa watu. Kazi yake inamhuzunisha, basi. Hata mimi nikiona shehena nzima ya samaki imeyeyuka nahuzunika."

Nilimwambia hana akili, na nikaenda kulala.

Posa ilipangwa Jumamosi, kwangu. Ilikuwa kiangazi, moja ya zile siku ambazo upande wetu wa magharibi wa Sydney unawaka wakati watu wa pwani wanapunga upepo. Mbuzi hatukuweza kumfunga uani, majirani wangeita polisi, kwa hiyo nyama ilitoka kwa mchinjaji wa Guildford ikiwa tayari imekatwakatwa. Mapazia yalishushwa, feni mbili zikazunguka bure. Kwa upande wake, yule bwana alikuja na msemaji, mzee mmoja mhasibu wa kwao. Upande wetu alisimama mzee wa kanisa letu, mtu wa Mwatate, anayejua taratibu. Na baba yetu alikuwepo kwa simu, kutoka nyumbani Wundanyi, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari katikati ya meza, uso wake ukigandaganda kila mtandao ulipolegea. Kule kwake kulikuwa asubuhi, amevaa koti na kofia.

Wazee walizungumza vizuri. Kulikuwa na mafumbo, kulikuwa na kucheka, kulikuwa na kujifanya hatujui wageni wamefuata nini. Mdogo wangu aliitwa kutoka chumbani, akaulizwa kama anawajua watu hawa, akasema anawajua. Alikuwa amejifunga leso mpya waliyomletea. Sijawahi kumwona mzuri vile. Joto lile lote na uso wake mkavu, unang'aa.

Kwetu, kabla ya kufunga maneno, mzee hutamka baraka, na kila baraka huitikiwa na wote waliopo. Yule mzee wa Mwatate akasimama. Mungu awape afya. Amina. Mungu awape amani. Amina. Mungu awape watoto, wa kiume na wa kike, waijaze nyumba. Amina, tukasema, na Baba kwenye simu akachelewa kidogo akasema Amina yake peke yake.

Mimi nilikuwa nikimtazama yule bwana mdomoni. Mbili za kwanza aliitikia. Ya tatu alifumba midomo, akatazama zulia.

Mzee akauliza, kama taratibu inavyotaka, kama kuna mtu wa upande wa binti mwenye neno. Kwa kawaida hakuna. Ni swali la heshima tu, watu wana njaa. Nikasema ninalo.

"Bwana," nikamwambia, "mbona hiyo ya mwisho hukuitikia?"

Mume wangu alinishika goti chini ya meza. Nikautoa mkono wake.

Yule bwana akanitazama. "Dada," akasema kwa upole, na ilikuwa mara ya kwanza kuacha kuniita shemeji, "naomba tuzungumze hilo pembeni."

"Kwetu hakuna pembeni. Sema hapa, Baba akiwa anasikia."

Msemaji wake akaanza kukohoa na kusema vijana wana aibu. Angemwacha yule mzee aseme, yangeisha. Angedanganya hata yeye mwenyewe, angesema alimeza mate vibaya, na mimi ningebaki na shuku zangu na pilau langu. Lakini ushaambiwa alikuwa msafi. Hakujua kusema uongo mbele ya wazee. Akasema taratibu, mikono imekamatana, kwamba hana hakika kama ni haki kumleta mtoto katika dunia inayokwenda inakokwenda. Kwamba kila wiki anapima, na kila wiki anarudi nyumbani akifikiria mtoto huyo akiwa na umri wake atakuta nini. Kwamba anampenda mdogo wangu kuliko anavyoweza kueleza. Kwamba hajamdanganya, hakuulizwa.

Feni zilisikika. Halafu sauti ya Baba ikatoka kwenye kopo la sukari, imekatikakatika.

"Amesemaje? Sisikii vizuri. Amesemaje?"

Wote walinitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeuliza. Nikainama karibu na simu.

"Anasema hataki watoto, Baba."

"Hataki nini?"

"Watoto."

Baba alivua kofia. Alikaa hivyo kitambo, au labda ni mtandao uliomgandisha, sijui. Kisha akamwambia mzee wa Mwatate kwamba awashukuru wageni kwa safari yao, wale chakula washibe, na vitu vyao warudi navyo. Hakugomba. Yule bwana alisimama akainamisha kichwa mbele ya simu, akasema, "Nimesikia, mzee." Akatoka kwenye jua bila kula.

Sitadanganya, nilijisikia mshindi. Miezi yote ile watu waliniona mchawi, na kumbe pua yangu haikukosea. Nilimfuata mdogo wangu jikoni nikiwa na maneno ya kumfariji tayari mdomoni. Alikuwa amesimama mbele ya sinki anakunja ile leso, kona kwa kona, taratibu, kama zinavyokunjwa shuka za hospitali. Hakuwa analia.

"Afadhali imejulikana leo," nikamwambia. "Ungeolewa kwanza ndipo ujue."

"Nilikuwa najua," akasema.

"Ulikuwa unajua nini?"

"Dada, mimi nalala na kuamka na kazi ya watoto. Unafikiri sijui mwanamume anayewaogopa? Nilijua tangu mwezi wa kwanza. Sikumuuliza makusudi. Ningemuuliza angenijibu, na akishanijibu angeshikamana na jibu lake. Unamwona alivyo."

Akaendelea, sauti ile ile ya chini, ili wageni wasisikie.

"Nilikuwa namwacha. Namleta kwako aone wanao wanavyogombania rimoti. Nampeleka ubatizo. Ile mara ya kwanza aliinuka akaenda kuleta maji. Mara ya pili aliketi. Pasaka alimshika mtoto wa jirani, sekunde chache tu, ukiwa umegeuka. Wiki iliyopita, ndani ya treni, aliniuliza kwetu mtoto wa kwanza hupewa jina la nani. Nikamwambia akiwa wa kiume, la Baba. Akalitamka. Akalirudia tena, kama anajaribu kiatu."

Nikamwambia ampigie simu. Hajafika hata stesheni, nikasema, mume wangu atachukua gari amfuate, arudi azungumze tena.

"Aje aseme nini?" akaniuliza. "Kwamba alichomwambia Baba mbele ya wazee si kweli? Yule?"

Aliiweka leso juu ya mikrowevu, akaenda sebuleni kuwapakulia wageni nyama, kwa sababu Baba alikuwa amesema washibe.

Yule bwana alimaliza shahada yake, akapata kazi huko huko kaskazini, juu ya ardhi yake iliyoganda. Mdogo wangu hakuolewa, na hakupata mtoto. Bado yuko Guildford, bado yuko wadi ile ile, na sikukuu anakuja kwangu kama zamani, hana kinyongo cha kuonekana. Wanangu wamekuwa wakubwa, hawanusiki tena. Mume wangu anasema pengine siku ile mdogo wangu alisema tu kwa uchungu, kwamba ile habari ya treni aliitunga ili nami niumie. Ningependa iwe hivyo. Mimi ni mtu wa kushuku kila kitu, na miaka yote hii nimejaribu kulishuku na hilo. Nimeshindwa.